Ukoo wa Bibi Mwanaidi: Kura za Marekani

Ami Hamisi: Assalaam aleikum. Nawauliza mlio Marekani. 2020 mlisema watu wamejitokeza kwa wingi, kumbe ni asilimia 66 tu. Sisi Kenya 2022 tulifika kama 65 na tukasikitika!

Faraji (Minneapolis): Waaleikum salaam, shikamoo Ami. Hesabu hizo hazilingani. Ya Kenya inatokana na walio kwenye daftari la IEBC, tume ya uchaguzi. Ya Marekani inahesabu raia wote wenye haki ya kura, hata asiyejiandikisha. Na 66 haijaonekana tangu 1900. Mwaka 1996 ilikuwa kama 52.

Ami Hamisi: Marahaba. 52! Nusu ya nchi imekaa nyumbani.

Shangazi Rukia: Uvivu ama wamekata tamaa?

Salma (Houston): Shikamoo Shangazi. Waliokata tamaa wapo, lakini nionavyo mimi, kubwa ni utaratibu wenyewe. Uchaguzi ni Jumanne kwa sheria ya 1845, enzi za wakulima na farasi. Huko kwenu watu wanapewa mapumziko, hapa hospitalini zamu ni ileile ya masaa 12. Halafu Texas lazima uwe umejiandikisha siku 30 kabla. 2024 jirani yangu alianza kuulizia katikati ya Oktoba, muda umeshapita. Nililia naye.

Faraji: Huku Minnesota angejiandikisha kituoni siku ileile. Hana karatasi ya anwani? Mpiga kura wa mtaa wake anamwapia kwamba anaishi pale, anapewa kura. 2020 tulifika karibu 80, Texas kama 60.

Ami Hamisi: Si labda watu wa Minnesota wamesoma zaidi, wana pesa zaidi?

Faraji: Hilo lipo Ami, silikatai. Elimu, kipato, umri. Wazee hupiga kura kuliko vijana kila uchaguzi. Lakini kijana ndiye anayehamahama nyumba za kupanga, na akihama inabidi ashughulikie usajili upya. Tumerudi palepale.

Salma: Na kuna hili la majimbo. Karibu kila mahali mshindi wa jimbo anazoa kura zote za wajumbe wa jimbo hilo wanaomchagua rais, ila Maine na Nebraska. Texas imemchagua mgombea urais wa chama cha Republican kila mara tangu 1980. Basi wa Democrat anasema kura yangu ya nini, wa Republican anasema tumeshashinda. Wenzao wa Pennsylvania na Wisconsin, ambako vyama vinakaribiana, wanagongewa milango mpaka usiku. Inaniuma, maana kwenye karatasi hiyohiyo wamo majaji na sherifu wa kaunti, na hao ndio wanaotugusa kila siku.

Shangazi Rukia: Uraia wako umefika wapi mwanangu?

Salma: Naapa mwezi ujao inshallah. Fomu ya kujiandikisha naijaza siku hiyohiyo.

Shangazi Rukia: Alhamdulillahi! Na jirani yako?

Salma: Yake nishamchukulia. Huku ni karatasi, unatia saini na kuipeleka mwenyewe au kwa posta. Jumamosi naenda kwake tuijaze.