Naomba ushauri: nyota ya mpingo haikai vizuri kwenye shimo la CNC

Wakuu, habari za kazi. Nina karakana ndogo Keko, Dar. Natengeneza meza za mninga na kuzipamba kwa nyota za mpingo. Zamani nilichimba kwa patasi. Sasa natumia CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta), biti (kisu chake kinachozunguka) ya milimita 3, kina milimita 4.

Nikichora shimo na nyota kwa kipimo kimoja, nyota haiingii hata kwa nyundo ya mpira. Nikiipunguza milimita 0.2 kila upande, inaingia ila inacheza, na mwanya unauona ukiwa mlangoni. Habari ya pembe naijua: biti ni duara, kwa hiyo pembe zote nimezizungushia milimita 1.5, za shimo na za nyota.

Jana nikakata mfereji wa pasi moja (biti ikipita mara moja tu) kwenye ubao wa MDF nikapima upana kwa vernia: milimita 2.9 badala ya 3! Biti ya bei poa hiyo, nadhani ndiyo mchawi.

Je, niandike 2.9 kwenye programu kama upana wa biti, au nibakize milimita 0.3 ukutani nipitishe pasi ya mwisho taratibu? Na kuna aliyejaribu biti ya V, kuta ziwe za mshazari, kwenye mpingo? Naogopa ncha zitamegeka, na mpingo wenyewe mnajua bei yake.