Naomba ushauri: mvinyo wangu wa matufaa umetulia Njombe, ukafika Dar ukapasua chupa

Binti wa Njombe:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Naandika kutoka Njombe mjini, na tangu juzi sina usingizi.

Natengeneza mvinyo wa matufaa. Nanunua yale madogo na yenye makovu ambayo wachuuzi wanayaacha, nayasaga, nakamua, naongeza sukari na hamira ya mkate, kisha nafunga dumu la lita 20 kwa mpira wa dripu unaoishia kwenye chupa ya maji. Safari hii nilichukua yaliyobaki mwisho wa msimu, madumu matatu, nikaanza Mei. Katikati ya Juni mapovu yakakoma. Nikasubiri wiki tatu zaidi, mvinyo ukatakata mpaka unaona vidole upande wa pili wa glasi. Nikajaza chupa 72, nikaziba.

Chupa 24 nikampakilia mdogo wangu Mbagala anisaidie kuuza. Siku ya tisa akanipigia usiku: "Dada, chupa zinapasuka." Nne zilishapasuka chini ya kitanda ambacho mwanawe alikuwa amelala juu yake. Mtoto hakuumia, namshukuru Mungu, lakini vioo vilifika mpaka mlangoni.

Za hapa kwangu zimetulia kabisa. Dumu zilezile, siku ileile. Nimekosea wapi? Na nina oda ya harusi ya Septemba, chupa 100. Pia nina ekari moja imekaa bure, nafikiria nipande zabibu niachane na matufaa. Nisaidieni.

Kijana wa Stendi:
Umezidisha hamira. Punguza nusu.

Fundi Uyole:
Hapana, ndugu yangu, hamira ikizidi haipasui chupa. Kinachopasua ni sukari iliyobaki.

Dada, kwanza mdogo wako. Mwambie leo hii azifunike chupa zote 20 kwa blanketi zito, watoto wasiingie chumba hicho. Kuzifungua, azipoze kwanza kwenye friji au barafu, maana baridi inashusha mgandamizo. Avae glavu nene na miwani, uso aukwepeshe, afungue moja moja kwa kuachia gesi polepole. Asizitikise.

Sasa chanzo. Njombe Juni usiku unakujua. Hamira ya mkate ikikaa chini ya nyuzi 15 inazubaa, na ikizidi kupoa inalala. Haijafa, na kazi haijaisha. Mapovu yanakoma, mashapo yanashuka, mvinyo unatakata, na wewe unadhani umeiva. Ukiufikisha kwenye joto la Mbagala hamira inaamka na kuikuta sukari yake palepale. Ndiyo maana za kwako zimetulia.

Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja zinatoa karibu asilimia 1 ya kilevi, pamoja na gesi. Kwenye dumu gesi inapita kwenye mpira wako. Ndani ya chupa iliyozibwa, gramu 4 kwa lita, yaani kama kijiko kimoja cha chai, zinaleta mgandamizo wa karibu angahewa 1. Chupa ya shampeni inafanywa nene ili ihimili kama 6. Chupa za mvinyo wa kawaida hazikuundwa kwa kazi hiyo.

Una haidromita, kile kipimo kinachoelea kwenye mvinyo kuonyesha sukari iliyobaki?

Binti wa Njombe:
Sina, ila jirani yangu ni mwalimu wa kemia, ameniazima ya maabara. Nimefungua chupa moja ya hapa: inasoma 1.012. Na kweli ina utamu, mimi nilijua ni utamu wa tufaa.

Fundi Uyole:
Basi jibu unalo mkononi. Mvinyo uliomaliza kuchacha unafika 1.000 au chini yake, na unasoma vilevile siku tatu nne mfululizo kwenye chumba chenye joto. Mapovu usiyaamini tena.

Zirudishe zote kwenye madumu. Shusha kwa mpira mpaka chini ya dumu, usimimine kwa kurusha, hewa ikiingia sana utapata siki. Weka chumba cha jiko, nyuzi 20 hadi 25. Hamira mpya ianzishe pembeni kwa maji vuguvugu na sukari kidogo. Ikishatoa povu, izoeshe mvinyo wako kidogo kidogo ndipo uimimine dumuni. Ukienda Dar tafuta hamira ya mvinyo, ya mkate inachoka mapema na haishikamani vizuri chini.

Wateja wakitaka utamu, ongeza sukari mwishoni kisha pasha chupa kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 20 ili hamira ife. Lakini chupa yenye gesi tayari usiipashe moto hata kidogo.

Mzee wa Mbeta:
Kamwene mwanangu. Mimi ni wa Iringa, nimegema ulanzi, pombe ya mianzi, tangu kijana. Ulanzi asubuhi ni mtogwa, mtamu, mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkangafu. Hakuna mgemaji anayekaza kifuniko cha dumu la ulanzi akalipandisha kwenye gari. Lazima lipumue. Kitu kinachochacha hakifungiwi mlango. Pole kwa mjukuu wetu.

Niliyelima Hombolo:
Kuhusu zabibu, dada, nakusihi usiyaache matufaa. Nimelima Dodoma kabla ya kuhamia Mafinga. Kule mvua ni msimu mmoja, mwaka mwingi ni ukavu na jua, ndiyo maana wanavuna mara mbili. Kwa mvua na ukungu wa Njombe utapigana na magonjwa ya ubwiri unga na ubwiri vinyoya kila wiki, hela yote itaishia kwenye dawa. Tufaa linaitaka baridi hiyohiyo ili lichipue na kuchanua vizuri. Baridi ndiyo mtaji wako.

Halafu hiyo oda ya harusi: una alama ya ubora ya TBS? Kwenye vileo kuna leseni ya halmashauri, na stempu za kielektroniki za TRA. Anzia SIDO, wazoefu wa wajasiriamali wadogo, wakuelekeze.

Binti wa Njombe:
Asanteni sana, wazazi na ndugu zangu. Mdogo wangu amefungua zote 20 salama. Tatu zilirusha kizibo mpaka dari.

Leo ni siku ya sita madumu yako jikoni. Mpira unatoa mapovu, na kipimo kimeshuka kutoka 1.012 hadi 1.004. Wenye harusi nimewaambia ukweli kwamba sina vibali na sitawauzia Septemba. Mama wa bibi harusi alinuna, kisha akaniuliza nitakuwa tayari lini. Jumatatu naenda SIDO. Nikifika 1.000 nitarudi kuwaambia.