Betri kuukuu za busta kutoka yadi ya skrapu: zitaokoa mayai yangu au nitatupa pesa?

MamaVifaranga, Ahero

Hamjambo wandugu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuzishika hizi betri kwa mikono yao, maana mafundi wawili niliowauliza wamenipa majibu mawili yasiyokutana.

Nina mashine ya kuangulia mayai, kibandiko chake kinasema 80W. Mwezi uliopita mvua ilinyesha usiku, stima ikapotea saa tatu na kurudi saa kumi alfajiri. Mayai yalikuwa siku ya 16. Niliifunika mashine kwa blanketi mbili nikapanga chupa za maji moto kandokando, lakini katika mayai 96 nilitoa vifaranga 31. Pesa ya vifaranga hivyo nilikuwa nimeshaipangia karo.

Sasa kuna yadi ya skrapu hapo karibu na Kibuye, Kisumu, ambako nimeona betri 9, nyembamba na ndefu, taminali zote mbili ziko mbele, zimeandikwa 12V 100Ah. Mwenye yadi anaziita "dipu saiko", yaani za kutoa chaji polepole kwa muda mrefu, anasema zilitolewa kwenye busta la simu, ule mnara wa mtandao. Anataka 4,500 kwa moja. Mpya ya ukubwa huo dukani niliambiwa zaidi ya mara tatu ya hiyo. Fundi wa kwanza anasema ninunue nne niziunganishe pamoja. Wa pili anasema zote ni takataka. Mume wangu anasema tuzifungue, tumwage asidi ya zamani, tutie mpya. Nishike la nani?

Fundi_Kondele

Pole sana dada kwa hivyo vifaranga. Mafundi wako wote wawili wamejibu kabla ya kupima.

Betri za busta si kama za gari. Ya gari ina bamba nyembamba za risasi, ile metali nzito, imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Hizi zina bamba nene, zinatoa polepole kwa saa nyingi, na hiyo ndiyo kazi yako. Tena wenye mabusta kwa kawaida hubadilisha betri ikishuka chini ya 80% ya uwezo wake, kwa hiyo inaweza kutoka pale bado ina maisha. Ubaya huingia baadaye, ikilala kwenye yadi miezi mingi bila chaji. Ndani mle salfeti ya risasi hujenga fuwele ngumu juu ya bamba, na fuwele zikishakomaa, chaji haiingii tena. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye yadi ni hili: zimekaa hapa tangu lini?

Pili, nenda na mita yako mwenyewe. Betri ya 12V ni seli 6, kila moja kama volti 2.1. Iliyojaa na kupumzika husoma 12.7 au 12.8. Ukiona 12.2 imebaki kama nusu. Ukiona 10.5 hivi, uwezekano mkubwa seli moja imekufa, na hiyo hata ukipewa bure usibebe. Iliyovimba ubavuni pia iache.

Lakini mita peke yake hudanganya. Betri iliyokufa ukiichaji asubuhi itasoma 12.6 vizuri kabisa, halafu ukiipa kazi inaanguka kama mgonjwa. Beba taa ya gari ya 55W na waya mbili. Taa hiyo inakula ampea 4 na nusu hivi, na mashine yako, kwa kuwa hita yake huwaka na kuzima, wastani wake hauko mbali na hapo. Yaani taa ndiyo mashine yako ya majaribio! Iwashe palepale yadini nusu saa huku mita imeshikilia taminali. Ikishuka polepole na kutulia juu ya 12, tuongee. Ikiporomoka hadi 11 ndani ya dakika chache, rudisha taa mfukoni.

Hesabu: usiku ule wa saa 7, ampea 4 na kidogo, ni kama ampea-saa (Ah) 30. Betri ya 100 iliyobaki na 60 inakutosha peke yake bila kuikamua hadi mwisho. Hizo nne za nini? Ukiunganisha mbovu na nzima, mbovu inainyonya nzima usiku na mchana, na baada ya miezi unabaki na maiti nne.

Nax_Sola, Nakuru

Mimi napinga. Niliokota betri za namna hii mara mbili hapa Nakuru, zote zikafa kabla ya mwaka. Nikijumlisha nauli, muda na chaja, ningekuwa nimenunua mpya. Mama, kama unaweza kusubiri miezi mitatu, weka pesa ununue lithiamu ndogo ya 50Ah, ile ya fosfeti ya chuma. Unaweza kuitumia karibu yote bila kuiua, tofauti na ya risasi ambayo ukizidisha nusu kila siku unaifupishia maisha.

Fundi_Kondele

Ndugu yangu wa Nakuru, kwa mtu anayetumia betri kila usiku nakubaliana nawe. Huyu dada anaihitaji stima ikipotea tu. Siku nyingine zote itakaa imejaa chaji, na betri ya risasi hupenda kukaa imejaa.

Omundu_Mumias

Kuna njia ya chumvi ya Epsom. Unayeyusha kwenye maji moto, unamimina ndani ya seli, unachaji siku mbili. Mjomba wangu alifufua betri ya trekta hivyo.

Fundi_Kondele

Kaka, hizi ni za kufungwa, maji yake yamenyonywa kwenye pamba ya kioo (ndizo huitwa AGM), hakuna pa kumimina. Na hata kwenye zile za vifuniko, chumvi hiyo haiyeyushi fuwele zilizoganda. Volti hupanda ukafurahi, uwezo haurudi. Kama betri ni ya vifuniko na maji yamepungua, ongeza maji ya betri tu, yale safi. Asidi haikuondoka, kilichoondoka ni maji.

Mwalimu_wa_Kemia, Kisumu

Mama, nimesoma yote ila sentensi moja ya mumeo ndiyo imenifanya niandike. Tafadhali msifungue betri hapo nyumbani.

Ndani ya hiyo asidi mna risasi, na unga wake hubaki ardhini miaka na miaka. Kuku hudonoa udongo siku nzima. Akidonoa wenye risasi, sumu inaingia mwilini mwake na kwenye yai. Wateja wako wanalisha watoto mayai hayo. Wako nao wanacheza kwenye udongo uleule na kutia vidole mdomoni, na ubongo wa mtoto ndio unaoumizwa zaidi na risasi, kwa kiasi kidogo sana, bila dalili ya kuonekana. Kumbuka Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa ubavuni mwa makazi ya watu, na mama mmoja, Phyllis Omido, aligundua sumu hiyo mwilini mwa mtoto wake mwenyewe. Alipigania kijiji kile hadi akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ilikuja kuamua fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, lakini hakuna pesa inayotoa risasi kwenye ubongo wa mtoto.

Ibebeni nzima, isimame wima, mvae glavu. Ikipasuka njiani, magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji hupoza asidi, kisha mnawe na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Wakili_Mdogo

Kwa kifupi: dai risiti. Betri za mabusta huibwa sana, na kupokea mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa hata kama ulilipa. Sheria ya vyuma chakavu ya 2015 inamtaka mfanyabiashara awe na leseni. Muulize akuonyeshe. Mwenye leseni hakasiriki kuulizwa.

MamaVifaranga, Ahero

Asanteni nyote. Mwalimu, nimemsomea mume wangu maneno yako, akanyamaza kitambo, kisha akasema basi. Hatufungui.

Fundi, swali: nahitaji inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, ya ukubwa gani?

Fundi_Kondele

Kabla hujanunua inveta, geuza mashine uangalie nyuma. Nyingi za siku hizi zina tundu la pili la 12V. Kama lipo, betri inaingia moja kwa moja na hulipi inveta wala chaji inayopotea ndani yake. Tumia waya wa milimita mraba 2.5 usiozidi mita mbili, na fyuzi ya 15A karibu kabisa na taminali ya chanya. Betri isikae chumba mnacholala wala karibu na jiko, kwa sababu ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na hewa hiyo hulipuka. Joto la huku kwetu nalo linaizeesha haraka, itafutie kivuli. Chaja iwekwe kwenye alama ya AGM, isipite volti 14.4.

MamaVifaranga, Ahero

Narudi na habari.

Tundu la 12V lipo! Miaka miwili nimekaa na mashine hii sikuwahi kuligundua.

Nilienda yadini Jumamosi na kijana wangu, mita na taa. Betri 4 zilisoma chini ya 10.6. Mbili zilikuwa 11.4. Tatu zilipita 12.3, lakini moja ubavu ulikuwa umetuna tukaiacha. Tukawasha taa kwenye mbili zilizobaki. Ya kwanza ilifika 11.2 kabla hatujamaliza dakika kumi. Ya pili ilitulia 12.1 nusu saa nzima. Mwenye yadi mwenyewe alisogea kuangalia, akasema hajawahi kuona mteja akipima hivyo. Leseni alikuwa nayo ukutani. Tumeichukua moja kwa 4,000, risiti mkononi, na makubaliano ya kuirudisha ndani ya siku tatu ikishindwa.

Tuliichaji siku nzima, tukaipumzisha hadi kesho yake, ikasoma 12.7. Saa mbili usiku nikawasha taa nikakaa nayo. Saa tisa usiku ilikuwa bado inawaka, mita 11.9. Nikazima, baada ya saa moja ikapanda hadi 12.2. Nusu, sivyo fundi?

Sasa imekaa kwenye sanduku la mbao nyuma ya nyumba, chini ya bati, upande wa pili wa ukuta na mashine. Jana stima ilipotea saa tatu nzima. Nilikuwa nachungulia kipimajoto kila mara, na kilibaki 37.6. Mayai 88 yako siku ya 9.

Fundi_Kondele

Ndiyo, nusu, yaani una betri ya kama 60. Rudia jaribio la taa kila baada ya miezi mitatu, uandike namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Siku itakapofika 11.6 kabla ya saa nne kuisha, anza kutafuta nyingine, na hii uiuze nzima kwa mwenye leseni. Waokota vyuma watapita hapo kwako wakitaka kuivunja uwanjani wabebe risasi tu. Wakatalie.