Ushauri: Je, nioneshe Snowpiercer kwa vijana wa Milimani na Nyalenda wakiwa pamoja?

Mratibu, Kisumu
Wanajukwaa, hamjambo? Ninaratibu kikundi cha vijana wa miaka 18 na zaidi ambao hukutana kutazama filamu na kuzijadili. Wanatoka Milimani, mtaa wa wenye nacho, na Nyalenda, mtaa wa wasio nacho, mitaa inayopakana, ila wakazi wake hukutana zaidi getini, mmoja mwajiri na mwingine kibarua, kuliko mezani. Nimechagua Snowpiercer, filamu ya Bong Joon-ho ya mwaka 2013, ambamo dunia imeganda na watu waliosalia wanaishi ndani ya treni isiyosimama, matajiri wakiwa mbele na mafukara mkiani.

Nachelea kwamba wa Milimani watajiona wameitwa kushtakiwa, na wa Nyalenda watajiona wamegeuzwa kielelezo. Tena kuna ule mwisho: Curtis, anayeongoza uasi wa watu wa mkiani, anapofika kwenye injini, Wilford mwenye treni anamwambia kwamba uasi wote aliupanga yeye pamoja na Gilliam, mzee anayeheshimiwa huko mkiani, ili kupunguza idadi ya watu. Je, kijana hataondoka akisema kwamba kudai haki ni kazi bure? Isitoshe, kamati yetu inataka viti vya mbele viuzwe na mabenchi ya nyuma yawe ya bure, tupate pesa za kukodi projekta.

Mkaa Nyuma
Ndugu Mratibu, kamati yako imeitazama hiyo filamu kweli? Changisheni mlangoni, kila mtu atoe alicho nacho, na akae anapotaka.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Ioneshe, na usikate kitu. Kuhusu mwisho, mtazame Namgoong, yule fundi wa kufuli za milango, kuliko Curtis. Curtis anataka kufika mbele. Namgoong anataka kulipua mlango wa kando atoke nje, kwa sababu kila mwaka treni inapomaliza mzunguko wake ameona theluji ikipungua. Kwa hiyo, Wilford anapomwalika Curtis airithi injini, swali si kama uasi umefaulu, bali ni kama aliyetoka mkiani, akipewa usukani, atawatendea wa nyuma tofauti. Curtis anakaribia kukubali. Kinachomzuia ni sakafu inapofunguliwa, akamwona Timmy, mtoto aliyechukuliwa kutoka mkiani, amekunjwa chini ya mashine, mikono yake ikifanya kazi ya kipuri kilichokwisha. Hapo simamisha filamu, uwaulize vijana nini kinaendeshwa hivyo katika mji wao, na uwape muda wa kutosha kunyamaza kabla hawajajibu.

Wa Milimani hawatashtakiwa mkianzia na behewa la darasa, ambapo watoto wa mbele wanaimba kumsifu Wilford na kufundishwa kwamba wa mkiani ni wavivu. Wale ni watoto tu, nao wamefunzwa.

Binti wa Reli
Shikamoo Mwalimu. Naongeza kwamba Kisumu haihitaji kuelezwa habari za mabehewa ya matabaka. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na katika enzi za ukoloni Waafrika walisafiri daraja la tatu. Anzeni mazungumzo hapo, maana historia hiyo ni ya mitaa yote miwili.

Hata hivyo, sikubaliani kwamba kila kitu kioneshwe bila kuwaandaa watu. Kuna mtu anayetolewa mkono nje ya treni mpaka unaganda, kisha unavunjwa kwa nyundo, na kuna vita vya mashoka gizani. Marekani filamu hii ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Huku kwetu, ulizia kwanza Bodi ya Kuainisha Filamu masharti ya maonyesho ya hadhara.

Mratibu, Kisumu
Marahaba kwa niaba ya Mwalimu, na asanteni nyote. Viti havitauzwa. Niko njia panda kuhusu mlo mmoja tu: tulipanga kuwapa wageni mandazi na chai kabla ya filamu, ilhali kuna ile sehemu Curtis anachungulia ndani ya mtambo na kuona kwamba vile vipande vyeusi wanavyolishwa mkiani vimesagwa kutokana na wadudu.

Mkaa Nyuma
Chai iwe baada ya filamu, na iandaliwe na mitaa yote miwili, si akina mama wa Nyalenda peke yao kama kawaida.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru
Naunga mkono. Filamu ina takriban saa mbili na dakika sita. Anzeni saa nane mchana, mjadala uishe kabla ya giza ili wanaotembea kwa miguu wasiondoke katikati.