Kampuni inapima ekari 100 juu ya chemchemi yetu, Iringa Vijijini: umoja wa wenye nyumba uanzie wapi?

Mwanaruaha

Kamwene wadau.

Tuko kaya 64 kwenye kijiji kimoja cha Iringa Vijijini, upande wa barabara ya Mafinga. Tuna umoja wa wenye nyumba ambao haujasajiliwa. Mpaka sasa kazi yake ni kuchangishana matengenezo ya bomba, barabara na misiba. Kwenye mlima ulio juu yetu kampuni ya viwanja imenunua mashamba ya mtu mmojammoja mpaka zimefika kama ekari 100. Bikoni (nguzo za mipaka ya upimaji) zimepandwa, greda limeshafungua barabara mbili, na tangazo la viwanja vya mita za mraba 500 linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Chini ya eneo hilo kuna chemchemi inayojaza tangi la kijiji, chini yake vinyungu (bustani zetu za bondeni), halafu kijito kinachoingia Ruaha Mdogo.

Mwenyekiti wa kijiji anasema wenye mashamba wameuza mali yao, hakuna la kufanya. Hatupingi watu kujenga. Tunataka chemchemi isikauke wala kuchafuka, maji ya mvua yasitushukie majumbani, na barabara isife. Tuanzie ofisi gani, na tuwe na nini mkononi?

MpimaNyanda

Mkuu, kwanza mjue hiyo ardhi leo ni ya kijiji au imeshakuwa ardhi ya jumla, yaani iliyotoka kwenye mamlaka ya kijiji. Kila kitu kinafuata hapo. Kwa mtendaji wa kijiji ombeni kuona cheti cha ardhi ya kijiji pamoja na ramani yake. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya muulizeni kama eneo hilo limetangazwa kuwa eneo la mipango chini ya Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007. Jibu la mdomo halitoshi. Likiwa limetangazwa, kuna namba ya tangazo kwenye Gazeti la Serikali na tarehe yake. Ziandikeni.

Kama bado ni ardhi ya kijiji, mwenyekiti wenu hayuko sahihi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mwenye shamba anaweza kuhamisha haki yake, lakini kumhamishia mtu au kampuni isiyo ya hapo kijijini kunahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila idhini hiyo ni batili. Kwa hiyo ombeni muhtasari wa halmashauri ya kijiji kwa kila shamba lililouzwa, si mmoja wa jumla.

Kuitoa ardhi kwenye ardhi ya kijiji na kuipeleka kwenye ardhi ya jumla, ili viwanja vipate hati miliki, ni shughuli nyingine kabisa. Kifungu cha 4 kinataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali na siku zisizopungua 90 kabla ya uhamisho. Kwa eneo lisilofika hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri anaamua. Ekari 100 ni kama hekta 40, kwa hiyo uamuzi uko mikononi mwenu.

Mambo mengi huharibikia kwenye karatasi ya mahudhurio. Watu wanasaini karatasi tupu kwenye kikao cha zahanati, na kurasa hizohizo zinaweza kubanwa nyuma ya muhtasari wa kuridhia ardhi. Dawa yake ni ndogo lakini inahitaji mtu wa kuisimamia kila kikao: juu ya kila ukurasa iandikwe kwa mkono tarehe, mahali na ajenda, mistari ipewe namba, chini ya saini ya mwisho pigwe mstari wa kufunga, kila ukurasa upigwe picha kabla watu hawajatawanyika. Na muhtasari usomwe palepale.

Bikoni msiziguse. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa la jinai, na kosa hilo litaugeuza mgogoro wote uwe wenu. Pigeni picha namba iliyo juu ya kila bikoni, chukueni kuratibu zake (namba za mahali ilipo) kwa GPS, mlinganishe na mipaka ya mashamba yenu. Angalieni kitu kimoja: ramani nyingi za upimaji za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na simu inasoma WGS84. Tofauti yake huku kwetu ni kama mita 300, sehemu kubwa kaskazini–kusini. Mtu asiyejua hilo anaweza kuapa kwamba kampuni imeingia shambani kwake wakati haijaingia, au akaona kumenyooka wakati imeshaingia. Kanda ya ramani (UTM) ni 36 Kusini.

FundiChanzo

MpimaNyanda amemaliza upande wa ardhi. Mimi niseme maji, kwa sababu hapo ndipo mtasikilizwa haraka mkiwa na namba, na ndipo mtapuuzwa mkienda na maneno "maji yatakauka".

Ekari 100 ni mita za mraba 404,700. Toeni asilimia 35 za barabara, maeneo ya wazi na huduma, zinabaki kama 263,000. Kwa viwanja vya mita 500 hapo kuna viwanja kama 520. Kila nyumba watu 5, wanakuwa 2,600. Kila mtu lita 50 kwa siku, jumla lita 130,000. Hiyo ni lita 1.5 kwa sekunde, usiku na mchana bila kusimama, na bado sijahesabu bustani wala maji ya ujenzi.

Sasa pimeni chemchemi. Kipimo cha maana ni cha Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Cha Machi hakina kazi kwenye ubishi huu. Chukueni ndoo ya lita 20, lakini kwanza ihakikini kwa chupa ya lita moja na nusu, maana ndoo nyingi zikijaa mpaka ukingoni zinapita lita 20. Wekeni alama ya lita 20 kwa msumari wa moto. Kingeni maji yote, yaani ya bomba na yale yanayomwagika pembeni ya chanzo. Watu wengi husahau hayo ya pembeni na kupata namba ndogo ambayo mtaalamu wa kampuni ataivunja kwa dakika moja. Pimeni mara tatu, chukueni wastani, andikeni kwenye daftari pamoja na tarehe, saa na saini za watu wawili. Rudieni kila wiki. Ndoo ikijaa kwa sekunde 25, hiyo ni lita 0.8 kwa sekunde, sawa na lita 69,120 kwa siku. Chanzo cha namna hiyo hakiwezi kubeba hata makazi mapya peke yake, achilia mbali na nyinyi.

Pili, kibali. Jumuiya yenu ya kutoa huduma ya maji kijijini, ile iliyo chini ya RUWASA (wakala wa maji vijijini), ina kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Rufiji? Ofisi zake ziko hapohapo Iringa mjini. Vijiji vingi vinakunywa chanzo miaka nenda rudi bila karatasi, kisha anakuja mwekezaji anaomba kibali na kukipata kihalali kabisa kwa sababu kwenye daftari la bodi chanzo kinaonekana hakina mtu. Ombeni sasa, mkiambatanisha hilo daftari la vipimo. Kampuni ikisema itachimba kisima, nayo inahitaji kibali. Ombeni bodi iweke sharti kwamba wakati kisima kinapimwa kwa pampu, chemchemi yenu ipimwe saa hizohizo. Ikishuka, mtakuwa mmeona wote pamoja.

Tatu, uchafu. Viwanja 520 maana yake mashimo ya choo na ya kunyonyea maji machafu 520 juu ya chanzo. Udongo huchuja vijidudu kiasi chake kama una kina cha kutosha, ila nitrati (chumvi itokanayo na maji machafu) inapita tu, na kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo pimeni ubora kabla nyumba ya kwanza haijajengwa. Bila kipimo cha kabla, cha baadaye hakithibitishi kitu. Sampuli ichukuliwe kwenye chupa iliyotakaswa ya maabara (si ya maji ya dukani), iwekwe kwenye barafu, ifike maabara siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 6. Ombeni vipimo vya E. koli (kijidudu cha kinyesi) na nitrati. Kiwango cha juu cha nitrati kwa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita.

Maji ya mvua nayo hayataki kubahatisha. Bati la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000. Zidisheni kwa nyumba 520: mita za ujazo 2,600 zinashuka mara moja, bila kuhesabu barabara, mahali ambapo zamani nyasi na mashamba yalikuwa yanameza sehemu kubwa. Hizo ndizo zitakazochimba korongo katikati ya vinyungu. Daini kila kiwanja kiwe na tangi la lita 5,000 la kukinga maji ya bati, mitaro iende kwa kufuata kontua (mistari ya usawa wa mlima) badala ya kunyooka na mteremko, iwe na vizuizi vya mawe kila panapoanza kukatika, na chini kuwe na bwawa la kuyatuliza kabla hayajatolewa kijitoni. Mitaro iliyonyooka na barabara ni rahisi kuchora na ndiyo huwa inachorwa. Ikatalieni hapohapo kwenye mchoro.

Dada wa Kihesa

Naongezea upande wa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na shughuli zinazoharibu hifadhi ya eneo hilo. Tembeeni na futi kamba, mpime kutoka ukingo wa kijito hadi bikoni ya karibu zaidi. Lakini kaka, mjue kifungu hicho kinawagusa na nyinyi. Kuna vinyungu, mabanda na vyoo vyenu ndani ya hizo mita 60? Hamisheni vyoo na mabanda kabla ya kuandika barua, kwa sababu kitu cha kwanza atakachopiga picha mtu wa kampuni ni hicho.

Mradi wa ukubwa huu unatakiwa upitie Tathmini ya Athari kwa Mazingira na kupata cheti kabla greda halijawasha injini. Andikeni barua kwa NEMC (baraza la taifa la mazingira), nakala kwa afisa mazingira wa halmashauri ya wilaya na kwa mkuu wa wilaya, mkiuliza maswali matatu tu: mradi umesajiliwa? Ripoti ya tathmini iko wapi tuisome? Wananchi walishirikishwa lini na kwenye mkutano upi? Barua ipelekwe kwa mkono, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Barua isiyo na muhuri huo haina mwenyewe.

Jambo la mwisho, na naliona kubwa kuliko yote. Msiridhike na barua ya ahadi kutoka kwa kampuni. Viwanja vikishauzwa, kampuni imeondoka, na wanunuzi 520 hawafungwi na ahadi ambayo hawakuisaini. Chochote mnachokitaka, iwe ni ukanda wa chanzo, bwawa la maji ya mvua au njia ya mitaro, kichorwe kwenye mchoro wa mipangomiji kama eneo lenye mipaka yake na matumizi yake, kabla haujaidhinishwa. Na hata kikishachorwa, fuatilieni maombi ya kubadili matumizi. Maeneo ya wazi mengi hupotelea hapo, miaka michache baadaye, wakati watu wameshapoa.

Mwanaruaha

Asanteni sana, nimeanza kuyaandika yote. Mawili yamebaki. Je, lazima tusajili umoja? Na ikifika kesi, inaanzia wapi? Baadhi ya wanachama wetu wana nyumba hapa ila wanaishi mjini.

MpimaNyanda

Kusema kwenye mkutano mkuu wa kijiji hakuhitaji usajili. Anayehitajika ni mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea, na mikutano ya kawaida ni kila miezi mitatu. Hao wanaoishi mjini kura zao zitapingwa, kwa hiyo msiwahesabu kwenye idadi yenu. Wachangie gharama za maabara. Usajili mnauhitaji ili kufungua akaunti na kusaini makubaliano. Njia inayowafaa ni jumuiya, kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani: katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama waanzilishi wasiopungua 10. Anzeni sasa, maana inachukua muda.

Kesi dhidi ya kampuni au muuzaji huanza kwa usuluhishi kwenye baraza la kata. Zikipita siku 30 bila suluhu, mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkimshtaki mwenye mamlaka, yaani halmashauri, njia ni nyingine: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linafunguliwa Mahakama Kuu. Kosa la kawaida ni kuwaweka wote kwenye shauri moja huko barazani bila notisi. Linatupwa kabla hata ya kusikilizwa, na greda linaendelea.

Dada wa Kihesa

Kaka, mkutano mkuu ujao usiende na ajenda "mgogoro wa ardhi". Wekeni azimio lililoandikwa tayari, la mistari mitatu: mkutano haujawahi kuridhia ardhi hii kuhamishwa, mkutano unaiagiza halmashauri ya kijiji iwasilishe mihtasari ya mauzo yote ndani ya siku 14, upimaji usimame mpaka mchoro uletwe ubandikwe ofisi ya kijiji. Mpeni mtendaji nakala siku saba kabla.

FundiChanzo

Na daftari la vipimo lipelekwe siku hiyo, na ndoo yenyewe yenye alama.