Watafiti wa hemofilia, nirejesheeni daftari la mwanangu

Wanajamvi, asalamu alaykum. Miezi 8 nimesubiri kwa adabu. Leo nina hasira na sitaki kuambiwa nipunguze.

Niko Wete, Pemba. Mwanangu ana miaka 9, ana hemofilia A, yaani damu yake haina fakta namba 8 ya kutosha kuigandisha. Tulijua alipotahiriwa: siku tatu damu haikatiki, kanga zangu zote zimeloa, na majirani wananitafutia mganga. Kwa hiyo walipokuja watu wa utafiti kutafuta wa kujitolea, sikungoja kubembelezwa. Walieleza wazi kwamba hakuna dawa mpya wala sindano ya majaribio, mtoto ataendelea na matibabu yale yale, wao wataangalia tu na kuandika. Nikaelewa, nikatia saini. Asije mtu hapa kunambia nilitarajia dawa za bure.

Kazi ya kuandika nimeifanya mimi. Mwaka mzima, kila akivuja: siku, saa, kiungo gani, kaanguka au imeanza yenyewe, tumeweka barafu saa ngapi, fakta kapata lini. Usiku mmoja wa masika, umeme umekatika, akaniamsha: "Mama, goti linanitekenya." Kwake huanza hivyo, kabla hata ya uvimbe. Nikabana simu mdomoni inimulike, nikalizungushia goti futi ya fundi cherehani: la kulia sentimita 27, la kushoto 29. Alfajiri la kushoto limefika 33, ngozi inang'aa, hawezi kulikunjua. Yote yamo kwenye daftari lile kwa mwandiko wangu, pamoja na doa la damu ya pua ukurasa wa katikati.

Safari ya mwisho, Unguja, wakalichukua. "Tunalinakili tu, bibie, utarejeshewa." Sijaliona tena. Nikipiga simu naambiwa takwimu ni mali ya utafiti. Mwezi uliopita daktari mpya kaniuliza kiungo kipi huvuja zaidi. Ana haki ya kuuliza, maana kiungo kikivujia ndani mara kwa mara gegedu hulika na mtoto akabaki na kilema, na kwa hesabu hiyo ndiyo anaamua kama apewe fakta ya kinga kila baada ya siku mbili tatu au angojwe mpaka avuje. Nikabaki natoa macho. Nakumbuka usiku mwingi, lakini mara ngapi goti, mara ngapi kiwiko, siwezi kuapa.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Walitutoa damu mimi na binti yangu kuangalia kama tunabeba kasoro ya hemofilia, ile ambayo mwanamke huweza kuwarithisha wanawe. Ukoo wetu hatumjui mwengine mwenye maradhi haya, na kiasi cha theluthi ya wagonjwa huzuka hivyo hivyo bila historia. Basi pengine nabeba, pengine sibebi. Mdogo wangu, tumbo moja, ana mimba ya miezi 7. Ikiwa mimi nimerithi kwa mama, na yeye huenda karithi. Mkunga anatakiwa ajue mapema, mtoto asije akavutwa kwa vifaa, akadungwa sindano ya msuli au akatahiriwa kabla ya kupimwa. Jibu limekaa kwenye kompyuta ya mtu, na simu haipokelewi!

Nauli ya meli ya safari mbili hawajanirudishia. Hiyo nimesamehe.

Azimio la Helsinki ambalo watafiti wa tiba hulifuata, likiwemo toleo la mwaka 2013, linasema washiriki wote wapewe nafasi ya kuelezwa matokeo ya jumla. Mimi hata hayo sijaomba. Nataka daftari langu na majibu ya damu zetu mbili. Jumatatu naiandikia kamati ya maadili iliyotajwa chini ya ile fomu niliyotia saini. Mliokuwemo kwenye utafiti huu, Pemba na Unguja, kama nanyi mmechukuliwa daftari au damu bila majibu, semeni hapa au nitumieni ujumbe, tupeleke barua moja kabla mdogo wangu hajajifungua.