Sheria ya Clinton ya 1996 ilipunguza uhalifu Marekani?

Mkwezi: Agosti 1996 Clinton alisaini sheria iliyofuta AFDC, ruzuku ya taslimu kwa familia maskini zenye watoto, na kuleta TANF badala yake: kazi kwanza, na fedha za shirikisho zina ukomo wa miezi 60. Miaka iliyofuata uhalifu ukaporomoka. Ni sheria au sadfa?

Hesabu Kali: Sadfa. Uhalifu wa mabavu ulifika kileleni 1991 hivi, ukaanza kushuka hata mswada haujaandikwa. Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Bi Mizani: Kwa TANF sawa. Lakini sheria hiyohiyo iligusa SSI, malipo ya serikali kwa maskini wenye ulemavu: mtoto mwenye ulemavu akitimiza miaka 18 anapimwa upya kwa vigezo vya watu wazima. Watafiti Deshpande na Mueller-Smith wamewafuatilia waliokatwa malipo hayo: katika miongo miwili mashtaka ya jinai yalipanda kama asilimia 20, hasa makosa ya kutafuta hela, yaani wizi, kuvunja nyumba, ulaghai na kughushi.

Mzee Bandarini: Ruzuku yenyewe ni uhalifu. Stempu za chakula zinauzwa nusu bei vichochoroni.

Hesabu Kali: Stempu zipi, babu? Tangu 2004 majimbo yote yanatumia EBT, kadi kama ya benki inayowekewa ruzuku. Huko Missouri kadi zilipoingia uhalifu ulipungua, maana taslimu ya kuporwa mtaani ilipungua.

Mzee Bandarini: Babu ni wa kwenu. Na kadi haziibiwi?

Dada Kaunta: Zinaibiwa, tena kirahisi. Nyingi hazina chipu, ni mstari wa sumaku tu. Mwizi anabandika kifuniko bandia juu ya mashine ya malipo, kinanakili mstari na kunasa namba ya siri. Anatengeneza kadi pacha, anavizia usiku salio linapoingia, anakomba lote. SNAP, yaani hiyo ruzuku ya chakula iliyokuwa stempu, ikiibwa baada ya 20 Desemba 2024 hairudishwi kwa fedha za shirikisho. Badilisha namba ya siri siku moja kabla ya salio, na kama jimbo lako lina programu ya kufunga kadi, ifunge.

Mkwezi: Jamani, swali langu?

Bi Mizani: Tarehe ya salio ndiyo jibu lako, si kukata ruzuku. Illinois ilipotawanya siku za kulipa SNAP ndani ya mwezi, wizi kwenye maduka ya vyakula ulipungua. Jumla ya ruzuku ilibaki ileile.

Mzee Bandarini: Huyo wa "babu" bado hajaniomba radhi.